Nyapara Aliyeniuliza

Juma lililopita, kabla ya zamu ya alfajiri kuanza katika godauni ninalofanyia kazi hapa Hamburg, msimamizi wetu alikuja na karatasi mkononi, akaketi nasi kwenye meza ya chai, akaniuliza mimi, ambaye sina hata miezi mitatu hapa, kama zamu ikisogezwa hadi saa kumi na moja nitafikaje kazini. Nilimweleza kwamba basi la kwanza la mtaani kwangu hunifikisha saa kumi na moja na robo. Akaandika. Baada ya siku tatu alirudi na jibu: zamu itaanza saa kumi na moja na nusu. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi kwa muda, kwa maana katika miaka tisa niliyofanya kazi Shimanzi, kule Mombasa, hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza neno kisha akanirudia na jibu.

Ninakumbuka vizuri siku nilipomwambia tajiri wetu wa wakati huo kwamba magunia ya kahawa yaliyopangwa karibu na mlango yangelowa masika yakianza, na kwamba tulikuwa na mbao za kutosha kuyainua na kuyasogeza ndani. Aliniuliza mbele ya wenzangu wote kama nimeajiriwa kubeba au kufikiri. Mvua ilipokuja ikaingia mlangoni kama tulivyojua itaingia, na sisi sote tulioiona ikiingia tulinyamaza, kila mtu akatazama upande wake. Hasara ile ilikuwa kubwa, lakini kinachoniuma hadi leo ni ule ukimya wetu, kwa sababu hatukuzaliwa nao; tulifundishwa.

Najua yatakayosemwa. Mtu amevuka bahari juzi tu, sasa ametuona sisi si watu. Mkataa kwao ni mtumwa. Ndugu zangu, sijakataa kwetu, na wala sisemi kwamba Wajerumani wana roho nzuri kuliko sisi, kwani hapa pia nimetafuta chumba cha kupanga nikafungiwa simu mara tu niliposema jina langu. Msimamizi wangu hakuniuliza kwa hisani. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1972 inawapa wafanyakazi wa mahali penye watu watano au zaidi haki ya kuchagua baraza lao kila baada ya miaka minne, na pale lilipo baraza hilo, mwajiri hawezi kubadilisha saa za kuanza na kumaliza kazi bila kukubaliana nalo. Kwa hiyo ninapozungumza kuna mtu ambaye hana budi kunisikiliza, na mtu anayejua kwamba atasikilizwa huanza kuja kazini na mawazo.

Kwani sisi hatukuyajua haya? Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, naye alinisimulia kwamba nahodha wake, chombo kikishatoka mkondoni Kilindini, alikuwa akimwachia kijana wa miaka kumi na saba usukani, kisha akaketi nyuma yake bila kusema kitu hadi tanga lilipoanza kupigapiga, na hata hapo alimuuliza kwanza, "Waona nini?" Na wale makuli, wafanyakazi wa reli na watumishi wa majumbani waliousimamisha mji wa Mombasa kwa mgomo Januari 1947 hawakungoja mtu wa nje awafundishe kuuliza. Chege Kibachia, aliyewaongoza, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa mbali na Mombasa, kwa maana serikali ya kikoloni ilijua vyema hatari ya watu waliokwisha kupata mtu wa kuwasikiliza.

Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa zaidi kwa wakubwa wa leo. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 196 imelitwika bunge la kaunti wajibu wa kuuwezesha. Hakuna anayeweza kusema hatuna sheria. Lakini nimewahi kukaa katika kikao kimoja cha kutoa maoni ambapo hati ya makadirio ya bajeti ya kaunti iligawiwa asubuhi ileile, kwa Kiingereza, kwa akina mama wauza samaki na vijana wa bodaboda, tukatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, tukapewa soda, tukaondoka. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliuliza kuhusu choo cha soko, akaambiwa swali lake limechukuliwa. Limechukuliwa likapelekwa wapi? Mtaniambia kwamba watu wetu hawapendi kuhudhuria vikao, na mimi nitawajibu kwamba mama yule alifunga meza yake ya samaki siku nzima ili aje kuuliza.

Siombi wakubwa wetu watuletee baraza la Kijerumani. Ninaomba makadirio ya mwaka ujao yatolewe kwa Kiswahili, majuma mawili kabla ya kikao, na mtu mwenye cheo arudi sokoni amtafute mama yule, amwambie ndiyo au hapana kuhusu choo, na kwa nini.