Achana na R, Shughulika na U

Anayeanza kujifunza Kifaransa huogopeshwa kwanza na R. Utamsikia akikwaruza koo kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki, mpaka sauti inamkauka. Kwa maoni yangu, jasho hilo linamwagwa pasipostahili.

R ukiikosea, bado utaeleweka. Wafaransa wenyewe waliitamka kwa ncha ya ulimi kabla R ya kooni haijaenea kutoka Paris. Hadi leo wengi wa Afrika Magharibi, na hata baadhi ya wazee wa Montréal, huitamka vivyo hivyo, na Kifaransa chao ni Kifaransa. Isitoshe, anayetamka vizuri "ghafla" na "lugha" ameshakaribia. Hiyo gh ni jirani kabisa wa R ya Kifaransa. Irudishe nyuma kidogo, kwenye kilimi, basi. Ikifuata p, t au k, kama katika très na trois, hupoteza mtetemo na kukaribia kh ya "kheri". (Waliozoea kusema "gafla" waanze kwa kunyoosha Kiswahili.)

Cha kukukosesha usingizi ni U. Pale ambapo sisi tuna sauti moja, wao wana mbili. Inayoandikwa ou ndiyo u yetu. Inayoandikwa u ni kitu kingine, na ukizichanganya maana inageuka: rue, mtaa, inakuwa roue, gurudumu, dessus, juu, inakuwa dessous, chini. Hapo msikilizaji hana namna ya kukisia kama huna maneno mengine ya kumsaidia.

Wengi huitafuta kwa kuichokonoa u ya Kiswahili, wakati inapatikana kwenye i. Tamka i ndefu, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya chini. Bila kukata sauti, viringa midomo taratibu kama unayetaka kupiga mluzi. Ulimi utataka kurudi nyuma, ukatalie. Kwetu sisi midomo ikiviringika ulimi hurudi wenyewe, maana o na u zetu zote hutamkwa hivyo, na mazoea hayo ndiyo kazi yenyewe. Ikikubali, fanya vilevile kuanzia kwenye e, utapata sauti ya peu na deux bila kutozwa zaidi.

Irabu za puani zina mtego mmoja mkubwa: bon haiishii kwa n wala ng'. Hewa ipite puani na mdomoni kwa pamoja, na ukimaliza ulimi uwe haujagusa popote juu. Jipime kwa vin, vent na vont. Zikisikika sawa, rudia. Ile ya nne, iliyomo katika un na brun, Waparisi wengi wameshaiacha na hutamka brun sawa na brin. Nawe iache.