Fotoni moja moja kutoka kwenye molekuli: mapacha ni kweli, ila wana majirani

Chanzo cha mwanga cha kwantamu kina kazi moja tu na ni ngumu balaa: toa fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ukiambiwa, na inayofuata ifanane nayo kabisa. Leza haiwezi, hata uifififishe vipi kuna saa inatoa mbili, kuna saa patupu. Molekuli moja inaweza, maana ikishatoa fotoni lazima ipandishwe tena nishati ndo itoe nyingine.

Na sio mambo ya jana haya, wanasayansi Moerner na Kador waliinasa molekuli moja ya pentaseni mwaka 1989. Siku hizi molekuli inayotajwa sana ni dibenzoterileni, unaichanganya kiduchu kwenye fuwele ya anthraseni, unaipoza mpaka kama kelvini 3, unaipiga leza na inawaka karibu na nanomita 785, mstari wa rangi (yaani upana wa rangi inazotoa) mwembamba kama megahezi 40 hivi, yaani karibu kabisa na mwisho unaoruhusiwa na fizikia yenyewe.

Wanaozitetea wanasema molekuli ni mapacha kwa asili, tofauti na nukta za kwantamu, vile vipunje vidogo sana vya semikondakta, ambazo kila moja ina saizi yake. Hapo ndo mi nasita. Mapacha sawa, lakini ndani ya fuwele kila mmoja ana majirani wake, huku kamkunjo, kule kakasoro, na rangi zinaachana kwa umbali unaozidi mara nyingi upana wa huo mstari. Unaweza kuzisogeza kwa umeme zilingane, na 2010 fotoni za molekuli mbili tofauti zilikutanishwa hivyo hivyo zikaingiliana, ila sasa si unazirekebisha moja moja? Ule ufanano wa bure uko wapi?

Halafu sehemu kubwa ya mwanga inapotelea kwenye mitetemo ya molekuli, inabidi uichuje. Na molekuli ikitulia haina spini (kama kasumaku kadogo ka elektroni) ya kutunza taarifa, kitu ambacho kasoro za almasi zinacho, kwa hiyo kumbukumbu utaitafuta kwingine.

Ila watu wanaoziponda kisa baridi wanazidisha. Lounis na Moerner walishapata fotoni moja moja kwenye joto la kawaida la chumba mwaka 2000, tatizo kwenye joto hilo hazifanani. Kwa kompyuta ya fotoni hiyo ni kasoro kubwa, lakini kwa kutumiana funguo za siri hazihitaji kufanana hivyo, zinatakiwa tu zije moja moja, kwa hiyo mi ningeanzia huko.