Mwanasayansi aachwe aeleze mwenyewe

Mwandishi wa makala moja anataka wanasayansi wabaki maabara, kazi ya kueleza sayansi kwenye runinga wapewe watangazaji wenye sauti nzuri. Hapana, sikubali.

Tukumbuke Februari 1986 kule Marekani. Chombo cha anga za juu cha Challenger kilikuwa kimesambaratika angani Januari 28, watu 7 wakafa. Kwenye kikao cha tume ya uchunguzi, mbele ya kamera, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira wa kuzibia maungio ya roketi, akakibana, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokiachia, hakikurudi haraka kwenye umbo lake. Basi! Asubuhi ya kurushwa chombo ilikuwa ya baridi kali, na hata asiyejua fizikia alielewa kwamba baridi ile iliuzuia mpira kuziba maungio vizuri. Msoma taarifa angeyatoa wapi hayo?

Mwanaastronomia Carl Sagan naye, katika sehemu 13 za kipindi chake cha runinga, Cosmos, mwaka 1980, alipogusia joto la sayari ya Zuhura alikuwa akizungumzia jambo alilolitafiti yeye mwenyewe miaka mingi kabla.

Ni kweli wengine humwaga istilahi mpaka mtazamaji akabadilisha stesheni. Hao wapewe mtayarishaji mzuri wa vipindi, wasinyang'anywe kipaza sauti.