Figo moja inatosha, lakini ipi?

Mgonjwa wa saratani ya figo, akiambiwa figo yake itatolewa, huliwazwa kwa maneno haya: "Binadamu anaishi vizuri na figo moja." Ni kweli, ila ukweli huo unamfaa zaidi mtu aliyejitolea kumpa ndugu yake figo. Huyo alipimwa kila kitu kwanza, akaonekana mzima. Mwenye saratani mara nyingi ana umri mkubwa, ana shinikizo la damu, pengine kisukari, au amevuta sigara miaka mingi. Figo inayobaki huenda nayo imeshachoka. Kumwambia moja inatosha bila kuangalia hiyo moja ina nguvu kiasi gani, naona ni kumpunja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uvimbe usiozidi sentimita 4, ikiwa lazima ukatwe, ukatwe wenyewe na figo iachwe. Miongozo ya madaktari wa Ulaya na Marekani inaelekea huko huko. Tena, kati ya vivimbe vitano vya ukubwa huo, takriban kimoja kikipimwa maabara hukutwa si saratani kabisa. Inauma sana kupoteza figo nzima kwa kitu kama hicho.

Kazi yenyewe si nyepesi. Mara nyingi ateri ya figo hubanwa, uvimbe ukakatwa na ukingo mwembamba wa nyama isiyo na ugonjwa, kidonda kikashonwa, huku dakika zinahesabiwa kwa sababu figo isiyopata damu huanza kuumia. Baadaye damu au mkojo unaweza kuvuja. Inataka mkono uliozoea.

Na lipo jambo linalonisumbua, sitalificha. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2011, uliowagawa wagonjwa 541 kwa bahati nasibu, haukuonyesha kwamba waliobakiziwa figo waliishi zaidi. Baada ya miaka 10, waliotolewa figo nzima ndio waliokuwa hai kwa wingi kidogo: asilimia 81 dhidi ya 76. Nimelitafakari sana hilo. Lakini wagonjwa wale walichaguliwa wakiwa na figo ya pili yenye afya, na wengi hawana bahati hiyo.

Ningekuwa mimi nimeshikishwa fomu ya kutia saini, ningeuliza kwanza: hii nyingine ikoje, kreatinini yangu, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ni ngapi? Kisha: daktari, uvimbe peke yake hauwezi kutoka? Na kama wewe hufanyi upasuaji huo, nani anaufanya?