Mshenga Aliyerudia Maneno Mara Saba

Chama kimoja cha akiba na mikopo chenye ofisi zake Upper Hill, hapa Nairobi, kilinipa kazi ya kuunganisha mifumo miwili ambayo haikuwahi kusemezana tangu iundwe. Mmoja ulikuwa mfumo wa mikopo, mkongwe na mzito, na wa pili ulikuwa wa kampuni inayotuma ujumbe mfupi kwenye simu za watu. Baina yake nilitakiwa kuweka programu ya kati iliyoandikwa kwa Java, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Meneja wa mikopo aliponiuliza programu ya kati ni kitu gani hasa, nilimjibu kwa majivuno kwamba ni mshenga: huyapokea maneno upande huu, huyafikisha upande ule, hasahau na wala hachoki.

Kwa ushenga huo nilimchagua ActiveMQ, dalali wa ujumbe anayefahamika sana miongoni mwa watu wa Java. Mfumo wa mikopo huweka ujumbe kwenye foleni, na programu yangu, ambayo hukaa mwisho wa foleni ikisikiliza, huuchukua, humtumia ujumbe mfupi mkopaji aliyechelewa pamoja na mdhamini wake, kisha huandika katika jedwali la kumbukumbu kwamba fulani amekumbushwa. Yote yakienda salama, dalali huambiwa kuwa ujumbe umepokelewa, naye huufuta. Likikwama lolote njiani, muamala wote hubatilishwa na dalali huuleta ujumbe ule ule tena, akiamini kwamba haukufika. Uaminifu huo una kasoro moja ambayo nilikuwa nimeisoma mahali na kuipuuza: kilichoandikwa kwenye hifadhidata kinaweza kubatilishwa, lakini ujumbe mfupi ukishatoka kwenda kwenye simu ya mtu ni maji yaliyomwagika.

Sikuwa na muda wa kulitafakari jambo hilo, kwa sababu siku tatu za wiki hiyo zilikuwa zimeliwa na ugomvi wa majina. Java ya mifumo mikubwa ilipohamia chini ya shirika la Eclipse Foundation na kuitwa Jakarta EE, jina la javax, ambalo vifurushi vyake vya programu vilianzia nalo, halikuhama nayo, na kuanzia toleo la Jakarta EE 9 la mwaka 2020 vifurushi vyote vikabatizwa upya kwa jina la jakarta. Nusu ya programu yangu ilikuwa ikiita kwa jina la zamani na nusu nyingine kwa jina jipya, na kila upande uliapa kwamba haumjui mwenzake. Nilipowapatanisha, ilikuwa tayari Ijumaa alasiri. Nikafanya majaribio ya haraka kwa wakopaji wa kubuni niliowapa majina kama Ali Juma na Asha Said, kila kitu kikapita bila tatizo, nikaiwasha programu rasmi saa moja kasoro dakika kumi usiku, meneja akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mimi mwenyewe ni mwanachama wa chama hicho, nina mkopo, na marejesho yangu ya mwezi yalikuwa yamechelewa kwa siku nne. Yalichelewa kwa sababu chama chenyewe kilikuwa hakijanilipa ujira wa kazi hiyo ya kukikumbushia madeni. Mdhamini wangu ni baba mkwe, mzee wa Majengo, Pumwani, aliyejiunga na chama tangu enzi zake za kazi.

Simu yangu ilipotetemeka mara ya kwanza, nilifurahi. Nilimwonyesha meneja ujumbe unaoniambia kwamba nimechelewa kulipa, naye akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. Ikatetemeka tena, nikasema huenda ni mtandao. Ilipotetemeka mara ya tatu niliacha kutafuta visingizio, nikageukia kioo cha kompyuta, ambako makosa yalikuwa yakiteremka kama mvua ya Aprili. Safu ya jina katika jedwali la kumbukumbu nilikuwa nimeipa nafasi ya herufi 25. Ali Juma anaenea humo na kubakiza nafasi ya mgeni. Majina yangu matatu, pamoja na nafasi baina yake, yanafika herufi 31. Kwa hiyo ujumbe ulitumwa, jina likakataa kuingia, muamala ukabatilishwa, na mshenga wangu asiyechoka akaurudisha ujumbe upya. Kwa mipangilio yake ya asili, hurudia mara 6 baada ya ile ya kwanza, akipumzika sekunde 1 kila anaporudia. Wenye majina mafupi walikumbushwa mara moja kwa adabu, na sisi tuliobarikiwa majina marefu tukakumbushwa mara saba.

Yaliyotokea Pumwani nilisimuliwa baadaye na shemeji yangu, tena kwa furaha isiyo na huruma. Wazee walikuwa wametoka kuswali magharibi, wameketi barazani wakinywa kahawa, na miongoni mwao alikuwepo yule mzee aliyekuwa mshenga wangu wa kweli, aliyepeleka posa yangu. Simu ya baba mkwe ikaanza kulia mfululizo. Kwa kuwa miwani ilikuwa ndani, alimpa simu mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne, akamwamuru asome.

Mtoto akasimama wima kama aliye mbele ya mwalimu, akasoma kwa sauti kwamba ndugu mdhamini anaarifiwa kuwa mkopaji aliyemdhamini, kisha majina yangu yote matatu, hajalipa.

"Na ya pili?" mzee akauliza.

"Ni hiyo hiyo, babu."

"Nimekwambia usome, sikukwambia unichagulie."

Mtoto akasoma zote saba, kila moja kuanzia "ndugu mdhamini" hadi nukta ya mwisho. Shemeji anasema kwamba kufikia ya nne muuza kahawa alikuwa ameacha kumimina, na kufikia ya sita wazee wawili walikuwa wakiitikia majina yangu pamoja na mtoto, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuyahifadhi.

Huko Upper Hill, meneja aliniuliza ule ujumbe ulioshindikana uko wapi. Nikamweleza kwamba dalali akikata tamaa huupeleka kwenye foleni maalumu iitwayo ActiveMQ.DLQ, ambayo ni makaburi ya ujumbe.

"Basi ufufue," akasema, "kumbukumbu zikamilike. Lakini urekebishe kwanza."

Nilirekebisha. Nilipanua safu ile mpaka herufi 100, kwa amri moja safi ambayo mpaka leo sioni kosa lake. Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa na madirisha mawili meusi yanayofanana kama mapacha, moja la hifadhidata ya majaribio na moja la hifadhidata halisi, na amri niliiandika kwenye ya majaribio. Kisha nikauhamisha ujumbe wote kutoka makaburini kuurudisha kwenye foleni yake. Simu yangu ikatetemeka. Nikaitazama kwa matumaini ya kijinga. Ikatetemeka tena.

Baada ya ujumbe wa kumi na nne alinipigia yule mshenga wa kweli, si baba mkwe, maana mambo ya namna hiyo hupitia kwake.

"Kijana," akasema kwa upole uliozidi kuniumiza, "mimi nilipokwenda kukuposea nilisema mara moja tu, na nikasikika."

Usiku huo niliizima programu, nikakaa ofisini hadi saa sita. Niliupa kila ujumbe namba yake ya pekee, nikaielekeza programu iandike namba hiyo kwenye jedwali na kuithibitisha kabla ya kutuma chochote, na ikiikuta namba imekwisha kuandikwa, inyamaze. Dirisha la hifadhidata halisi nikalipaka rangi nyekundu, jambo ambalo lingenigharimu dakika moja kulifanya mapema. Safu ya jina nikaipanua mahali panapostahili. Nilijaribu kwa majina yangu mwenyewe mara ishirini, na simu ikatetemeka mara moja tu.

Jumamosi asubuhi, kabla sijaamka, baba mkwe alikuwa amekwisha kulilipa rejesho langu kwa M-Pesa, bila kumwambia mtu, ili simu yake ipate kupumzika. Mfumo wa mikopo ukayapokea malipo, ukaweka ujumbe wa shukrani kwenye foleni, na programu yangu mpya ikaufikisha Pumwani kwa usahihi nilioukeshea.

Saa tatu akanipigia mwenyewe.

"Mwanangu, nimelipa."

"Ahsante sana, baba. Nisamehe. Nitakurudishia nikilipwa."

"Hilo si neno. Ninachouliza ni hiki: deni mlinidai mara kumi na nne. Shukrani imekuja moja. Nyingine ziko wapi?"