Hiyo mita kwenye picha ya droni imehesabiwa kuanzia wapi?

Nimeonyeshwa ramani ya mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe bila pampu, kijiji kimoja huku Rungwe, imetengenezwa kwa picha za droni, rangi safi, kontua, ile mistari ya mwinuko, zimekaa vizuri, na kwenye hiyo ramani chemchemi iko chini ya tenki kwa zaidi ya mita ishirini. Chemchemi hiyo hiyo ambayo watu wa pale wanapanda mlima kwenda kuisafisha. Na aliyeandaa ripoti ameandika mserereko hauwezekani, itafutwe pampu ya sola. Nimekasirika na bado sijapoa, kwa sababu pampu ni hela, paneli ni hela, fundi wa kutoka mjini kila ikiharibika ni hela, na hizo hela ni michango ya watu wanaouza ndizi na viazi.

Nikaomba picha zenyewe. Kwanza zikaja kwa WhatsApp, ambayo ukituma picha kawaida inafuta metadata yote, zile taarifa zilizojificha ndani ya picha, kwa hiyo nikaomba tena, zikaja kwenye flashi. Hapo ndo mambo yakaonekana.

Ukifungua picha ya hizi droni za kampuni ya DJI kwa ExifTool, programu ya kusoma hiyo metadata, unakutana na namba tatu za mwinuko: GPSAltitude, AbsoluteAltitude na RelativeAltitude. Hiyo ya tatu ni urefu kutoka pale droni ilipoinukia, pale chini ni sifuri, basi. Haijui bahari iko wapi na haijui chini yake kuna bonde au kilima. Hizo mbili za kwanza watu wanazisoma kama mita kutoka usawa wa bahari na ndo zinazoingia kwenye programu ya kutengeneza ramani bila mtu kuzikagua. Kuzikagua ni kazi ya dakika moja. Chukua AbsoluteAltitude utoe RelativeAltitude, unachopata ni mwinuko wa mahali droni ilipoinukia, halafu linganisha na unachokijua cha eneo hilo. Kuna picha ya Uyole, hapa Mbeya, niliwahi kuikagua hivyo, absolute ilikuwa 1761, relative 80, ukitoa unabaki na 1681. Uyole inakaribia mita 1,800! Mita kama mia hivi hazipo na picha inapendeza tu, hakuna kitu kinachopiga kelele kwamba kuna kosa.

Zinapotea wapi? Kwenye droni kadhaa ndogo zisizo na RTK, yaani GPS inayosahihishwa papo hapo mpaka sentimita, hiyo namba ya absolute inategemea sana barometa. Droni inapima presha ya hewa halafu inaigeuza kuwa mita kwa kudhani usawa wa bahari kuna hektopaskali (kipimo cha presha) 1013.25 na joto ni lile la kwenye vitabu. Hewa ya Mbeya haijasoma hivyo vitabu. Hapa mjini kwenye mita 1,700 presha iko kwenye 830 hivi, na huku juu hektopaskali moja ni kama mita 10, wakati pwani ni kama mita 8. Kwa hiyo kosa dogo la presha kwetu linazaa mita nyingi kuliko Dar.

Sasa njoo kwenye saa, na hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo kiini cha ugomvi wangu. Ukanda huu wa tropiki presha inapanda na kushuka kila siku hata kama hakuna mvua wala upepo, inafika juu kwenye saa nne asubuhi halafu inashuka mpaka saa kumi jioni, tofauti ni kama hektopaskali 3. Zidisha. Ni mita 30. Yaani droni ile ile, juu ya jiwe lile lile, asubuhi inakwambia uko chini na jioni inakwambia uko juu, na jiwe halijasogea. Nikaangalia muda kwenye zile picha za Rungwe. Chemchemi imepigwa saa nne asubuhi. Tenki limepigwa saa kumi kasoro. Ni ramani mbili tofauti, kila moja na sifuri yake, zimeunganishwa kwenye laptopu kama vile ni kitu kimoja, na chemchemi ikashuka chini ya tenki kwa sababu ya saa tu. Mlima haukuguswa.

Najua mtanijibu nini, kwamba kwenye mserereko kinachotakiwa ni tofauti ya mwinuko tu, kosa likiwa sawa kila mahali halina madhara. Sawa, nakubali, kama ni ramani moja, droni imerushwa kwa mkupuo mmoja, picha zinapandana toka chanzo mpaka tenki. Hapo hata yote ikizama mita mia, maji yatashuka vile vile. Ila ukishakata kazi vipande viwili, hoja hiyo imekufa. Na wapo wanaokimbilia RelativeAltitude kwa sababu inaonekana tulivu, halafu betri ikiisha wanahamia kwenye kivuli upande wa pili wa shamba, wanarushia hapo, sifuri imeshahama nao, na kwenye ramani linatokea gema ambalo shambani halipo.

Kuna na hili la elipsoidi. Setilaiti zinapima kutoka kwenye elipsoidi ya WGS84, umbo laini la dunia la kihesabu, usawa wa bahari ni kitu kingine, na tofauti yake ni ya mita, si sentimita. Metadata inakuandikia "juu ya usawa wa bahari" hata pale ambapo namba ni ya elipsoidi. Ukichanganya data ya droni na benchimaki ya zamani, alama ya mwinuko iliyopimwa na wapima ardhi, bila kuuliza, unaingiza hizo mita kimya kimya.

RTK inasaidia, sibishi, mwenye uwezo anunue. Ila nayo inabeba urefu wa besi, kile kituo cha chini cha kurejelea, uliouingiza wewe kwa mkono, ukikosea pale, picha zote zinakosea pamoja na zinaonekana sahihi mpaka sentimita.

Dawa yenyewe ni ya zamani na ni ya kutembea kwa miguu. Weka alama chini kabla ya kurusha, angalau pande zote za eneo na zingine katikati, kwenye chanzo ziwepo na kwenye tenki ziwepo, zipimwe zote kwa GNSS moja, yaani kipokezi cha setilaiti, na rejea moja ya mwinuko. Chache ziache nje ya hesabu, uzitumie kuangalia kama ramani inasema kweli. Kati ya chemchemi na tenki pitisha levo, kifaa cha kupima usawa. Fundi wa kijijini mwenye mpira wa plastiki unaoangaza, ameujaza maji, anahamisha usawa kutoka mti hadi mti kushuka kilima, kwa hilo swali moja la maji yatashuka au hayashuki ana jibu la kuaminika kuliko ripoti niliyoisoma. Tunahangaika sana na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ni haki kuhangaika nacho, lakini kibali kinakuruhusu kuruka tu.

Viongozi wa vijiji wanaonisoma, kabla hamjalipa, mwambieni mtaalamu aandike kwenye ramani yenyewe mambo haya: mwinuko unahesabiwa kutoka wapi, alama za chini zilikuwa ngapi na ziko wapi, zile za kukagulia zimepishana mita ngapi, na kila mruko wa droni ulianza saa ngapi. Awape na picha halisi kwenye flashi. Akisema hayo ni ya kitaalamu sana hamtayaelewa, msimlipe, na mtafuteni mwingine. Kule Rungwe nimewaomba wasisaini chochote cha pampu mpaka levo ipite kutoka chemchemi hadi tenki, na wiki hii mafundi wanafyeka njia.