Fundi akikosea herufi tumcheke ama tumsome?

Sisi tunaochezea sola na redio za kujiungia nyumbani hapa Uganda tuna ubishi mmoja hauishi: mtu akitoa maelekezo ya kuunga inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, tahajia na sarufi zina kazi gani? Wengine wanasema ukiandika ovyo siamini hata waya zako, na wengine wanajibu kwani waya inajua kusoma?

Hawa wa pili tuwasikilize kwanza. Fundi wa Katwe, pale Kampala kwenye mafundi, aliyeishia praimari anaweza kumshinda mwenye digrii kwenye inverta, ila Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, labda alikiokota Busia mpakani kwa madereva wa malori. Amekulia Luganda, na kwenye Luganda r na l zinafuata irabu iliyotangulia, baada ya i inakuja r, basi akitaka kusema zilehemu hizo waya, uziunge kwa risasi ya moto, anaandika "zirehemu hizo waya", yaani uzihurumie kabisa! Tunacheka sawa, lakini nani atashindwa kuelewa? Sentensi nzima inakurudisha kwenye njia. Ukimsimanga kwa hilo kesho haandiki tena, na alichokijua kinabaki kwenye kibanda chake, sisi ndio tunapata hasara, yeye wala.

Halafu kuna makosa ya aina nyingine, yale yanayofanana na ukweli, na hapo mimi nahamia upande wa pili. Chukua risista, kile kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, ya 4.7k, yaani omu 4700. Nukta ikipotea inakuwa 47k, na shida ni kwamba 47k nayo ipo dukani, inauzwa kila siku, kwa hiyo muuzaji hashtuki na wewe hushtuki mpaka saketi ikatae kufanya kazi. Ndio maana kwenye michoro mingi utakuta wameandika 4k7, herufi imekaa mahali pa nukta kwa sababu nukta inafutika kirahisi ukitoa fotokopi. Hiyo ni tahajia, na si maringo ya mtu.

Ama chaji kontrola, ile inayosimamia umeme wa paneli ukiingia kwenye betri. Nyingi zinataka betri iungwe kwanza ndio ijue kama mfumo ni volti 12 ama 24, paneli inakuja baadaye. Sasa mtu alitaka kuandika "usitangulize paneli" kidole kikaruka akaandika "utangulize paneli". Silabi moja tu! Na hiyo sentensi haina kasoro hata moja, mwalimu angeipa tiki.

Na mipaka yetu nayo inaleta mambo yake. Jirani wa Kongo amesoma kwa Kifaransa, kwake koma ndiyo inayotenga desimali, anaandika betri ichajiwe hadi 14,4. Hiyo utaelewa, betri ya volti 12 ya asidi inafika huko. Lakini akiandika 1,500 yeye anamaanisha moja na nusu, na sisi huku tunasoma elfu moja na mia tano, wote tunaongea Kiswahili kizuri na hakuna aliyekosea kitu.

Wanaopenda uandishi safi wana hoja nyingine, kwamba asiyerudia kusoma sentensi yake labda hakurudia kupima volti pia. Hii naikubali nusu. Uzembe wa mtu unaweza kuonekana hivyo kweli, lakini nimeshaona maelekezo yamenyooka kama gazeti, koma zote mahali pake, na humo ndani hakuna fyuzi hata moja kati ya betri na inverta. Betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, waya inawaka.

Kwa hiyo mimi "zirehemu" naiacha ipite bila neno. Namba, yuniti, alama ya chanya na hasi, na hiyo "si" ya kukataza, hizo nitamuuliza mtu hata kama ni rafiki na hata kama atanuna, na akiandika MA, ampea milioni, mahali pa mA, sehemu moja ya elfu ya ampea, nitamuuliza pia.